Bibi harusi, chungu chako kiache kama kilivyo



Mteja wangu mmoja, bibi harusi mtarajiwa, alitumiwa chungu na wifi yake kutoka Masakta, kule Hanang. Alipoona haking'ai, akaniomba nimtafutie rangi ya kukipaka kifanane na bakuli za dukani. Nikamwambia: kiache. Historia yetu wenyewe inatufundisha hivyo.

Mng'aro wa vyombo vya udongo huitwa glezi. Ni tabaka jembamba la kioo linaloyeyuka juu ya udongo ndani ya tanuru. Bibi zetu wa pwani waliijua zamani. Unguja Ukuu vimechimbuliwa vipande vya mitungi yenye glezi ya kijani na buluu, iliyoletwa kwa majahazi kutoka Ghuba zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Baadaye zikaja bakuli za Uajemi na China. Nyingine zilipachikwa kwenye nguzo za makaburi, kama kule Kunduchi.

Lakini jikoni walipikia chungu kisicho na glezi, kilichofinyangwa hapa hapa na kuchomwa kwa moto wa kuni. Chombo cha kung'aa kilikuwa cha kuhifadhia, kuandalia na kupambia. Udongo mtupu hustahimili moto wa mafiga, na mtungi mtupu hupoza maji kwa kutoa jasho kidogo kidogo.

Kuna zito zaidi. Glezi nyingi za zamani, na baadhi za leo, zina madini ya risasi. Chombo kikichomwa vibaya, ndimu, siki na ukwaju huitoa risasi hiyo ikaingia kwenye chakula. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kwa mjamzito, humfikia mtoto tumboni.

Basi, dada, unaponunua vyombo vya kuandalia, muulize muuzaji: glezi hii haina risasi? Imetengenezwa kwa ajili ya chakula? Asipokuwa na jibu, kifanye pambo, usitie achari. Rangi ya kopo nayo si glezi. Ikipata moto huungua.

Mteja wangu alikubali. Chungu kitapikia mchuzi, bakuli zitang'aa mkekani. Mwili ni amana, na mtoto pia ni amana. Allah azijaalie nyumba zenu baraka na afya. Aamin.