Nyumba za Jadi Mbele ya Kamera

Kamera ilipofika bara la Afrika Mashariki ilianza kwa kushindwa. Mwaka 1860 John Speke na James Grant waliondoka pwani kwenda kutafuta chanzo cha mto Nile, na kamera ilikuwa mikononi mwa Grant. Enzi hizo picha ilipigwa kwenye kioo kilichopakwa dawa, nacho kilipaswa kusafishwa papo hapo, gizani, kabla dawa haijakauka. Giza lilipatikana ndani ya kihema kidogo kilichochomwa na jua siku nzima. Speke aliona joto lile litamuua mwenzake, akairudisha kamera pwani. Grant akashika penseli na rangi, na vijiji walivyopita huko bara vikabaki katika michoro.

Vioo vikavu vilipoanza kuuzwa, na baadaye filamu ya kuviringisha iliyotumika katika kamera ya Kodak ya mwaka 1888, mzigo ulipungua. Wamisionari wa Kijerumani wa Leipzig walipiga picha Uchagani, Kilimanjaro. Walther Dobbertin, aliyefika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1903, alifungua studio Dar es Salaam, na picha zake nyingi leo ziko Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani. Huko Kongo, Casimir Zagourski, Mpolandi aliyefika Léopoldville (leo Kinshasa) mwaka 1924, alitoa mfululizo wa kadi za posta na kuuita „L'Afrique qui disparaît“, yaani Afrika inayotoweka.

Kazi hizo zimetuachia hazina. Bila hizo tusingeona vijiji vingi ambavyo mvua, mchwa na moto vimekwisha kuvifuta. Lakini zilipigwa kwa ajili ya macho ya mbali, na soko la kadi lilitaka kitu kinachovutia kwa mtazamo mmoja. Jina la mwenye nyumba halikuhitajika, wala la fundi aliyeijenga.

Kwa mfano, itazame tembe ya Ugogo, katikati ya Tanzania. Nguzo zenye panda huchimbiwa ardhini, boriti zikalazwa juu yake, zikafuata fito, nyasi, na mwisho tabaka nene la udongo. Vyumba huzunguka ua ambamo ng'ombe hulala usiku, na juu ya paa bapa huanikwa mtama na uwele. Ni ujenzi wa akili nyingi katika nchi kame yenye upepo na miti michache mirefu. Hata hivyo, adhuhuri tembe humpa mpiga picha taabu: ni fupi, na rangi yake ni ya ardhi ileile inayoizunguka. Asubuhi, jua likipiga kwa ubavu, ndipo alama za viganja ukutani na ncha za boriti zinapojitokeza. Nyumba ya msonge haina shida hiyo. Paa lake refu hujichora angani saa yoyote, ndiyo maana watu wengi wakisikia nyumba ya Kiafrika huwaza msonge peke yake.

Mandhari nayo ilikatwa vipande. Msonge wa Kichagga, ulioezekwa nyasi hadi karibu na ardhi, uliwaweka watu na mifugo chini ya paa moja. Samadi ilikwenda kwenye migomba, majani ya migomba yakarudi kuwa malisho, na maji yakaletwa na mifongo iliyochimbwa kutoka mitoni. Mpiga picha akiisogelea nyumba mpaka ijae kwenye fremu, anaiondoa kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani linaloilisha. Anabaki na umbo bila uhai wake.

Kisha serikali zikaja kuhamisha watu. Kenya, kuanzia mwaka 1954 wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa dhidi ya Mau Mau, Waingereza waliwaingiza Wakikuyu zaidi ya milioni moja katika vijiji vya lazima. Tanzania ilikuwa na Operesheni Dodoma mwaka 1971, na kati ya 1973 na 1976 mamilioni walihamishiwa vijiji vya ujamaa. Tembe ziliachwa zibomoke, nyumba zikapangwa kwa mistari, na bati likaanza kuhesabiwa kuwa ndiyo maendeleo. Familia nyingi hazina hata picha moja ya boma walilolihama.

Miaka hiyohiyo wengine walikuwa wakikusanya kumbukumbu. Kijiji cha Makumbusho jijini Dar es Salaam kilijenga nyumba za jadi za makabila mbalimbali ya nchi. Mwaka 1977 Kaj Blegvad Andersen alichapisha Nairobi utafiti wake wa nyumba za vijijini Kenya.

Thamani ya kumbukumbu, na mpaka wa picha, vilidhihirika Kasubi, Kampala. Tarehe 16 Machi 2010 moto uliteketeza Muzibu Azaala Mpanga, jengo kubwa la nyasi lililojengwa mwaka 1882 na kuwa kaburi la wafalme wa Buganda. Picha zake zilikuwa tele. Lakini picha haiezeki nyasi. Waliojua kuezeka ni mafundi wa ukoo wa Ngeye, waliorithi kazi hiyo kwa vizazi, na ilipita miaka 13 kabla UNESCO haijaliondoa eneo hilo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Leo simu yenye kamera imefika hadi kijiji cha mwisho, na kwa mara ya kwanza anayepiga picha anaweza kuwa mjukuu wa aliyejenga. Apige nyumba pamoja na shamba, kisima na njia ya ng'ombe. Aombe ruhusa aingie ndani, palipo moshi na giza, ambapo kamera za kale zilifika kwa nadra. Apige fundo la kamba, panda la nguzo na mikono ya fundi akiwa kazini. Kisha aandike jina la mwenye nyumba, la fundi, mahali na mwaka, na ampe mwenye nyumba nakala yake. Wazee wanaojua kukandika na kuezeka bado wapo, ila wanapungua kila mwaka. Kazi hii haingoji mradi wala mfadhili. Ni yetu, na wakati wake ni sasa.