Haidrojeni inavyofichua mada nyeusi katika makundi ya galaksi

KITUO cha setilaiti cha Longonot, karibu na Naivasha katika Kaunti ya Nakuru, kilianza kuunganisha Kenya na ulimwengu mwaka wa 1970. Nyaya za mawasiliano za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka wa 2009, kazi yake ilipungua. Sahani yake yenye kipenyo cha mita 32 imetajwa miongoni mwa zinazoweza kugeuzwa kuwa darubini za redio, katika mpango wa Afrika Kusini na mataifa manane washirika, Kenya ikiwemo.

Mojawapo ya mambo yanayochunguzwa kwa darubini za redio ni haidrojeni, gesi iliyo nyingi kuliko zote angani. Ikiwa baridi, atomu zake hutoa mawimbi hafifu yenye urefu wa sentimita 21. Mholanzi Hendrik van de Hulst aliyabashiri mwaka wa 1944, nao Harold Ewen na Edward Purcell wakayanasa nchini Marekani mwaka wa 1951.

Mawimbi hayo hueleza wingi wa gesi na pia kasi yake, kwani hurefuka gesi inapokwenda mbali na kufupika inapokaribia, mithili ya mlio wa lori unavyobadilika linapopita barabarani. Ukingoni mwa galaksi nyingi, gesi huzunguka kwa kasi ambayo uzito wa nyota pekee haungeweza kuihimili, ingetawanyika. Kinachoizuia ni mada nyeusi, isiyotoa mwanga, inayokadiriwa kuwa mara tano hivi ya mada ya kawaida.

Hata hivyo, kundi lenye mada nyeusi nyingi si lazima liwe na haidrojeni baridi kwa kiwango hicho. Mvuto wake huongeza kasi ya galaksi na kupasha moto gesi iliyo baina yao. Galaksi ndogo ikipenya humo, hupokonywa gesi yake.

Mfano uko karibu. Galaksi ndogo zinazoizunguka Njia Nyeupe, ambamo jua limo, nyingi hazina gesi hiyo. Zilizo mbali nayo bado zinayo. Mawingu ya Magellan, yanayoonekana chini upande wa kusini kutoka Nakuru usiku wa Januari usio na mbalamwezi, yangali na gesi, lakini yameacha nyuma mkia mrefu wa haidrojeni.

Kwa hivyo, anayekadiria uzito wa kundi kwa wingi wa gesi pekee atakosea. Hana budi kupima pia kasi ya galaksi zake. Vipimo vya haidrojeni vya aina hiyo hufanywa na MeerKAT, darubini ya sahani 64 iliyozinduliwa Afrika Kusini mwaka wa 2018.