Kuze: Lahaja Iliyolelewa na Ngoma

Mwaka 1928, papa hapa kisiwani Mombasa, mkutano wa maofisa wa kikoloni na wamishonari uliridhia Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita, lugha ya Kuze na mitaa mingine ya Mji wa Kale, kikaachwa nje ya vitabu vya shule. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi: Kiunguja kilikwisha kufuata misafara mpaka bara. Lakini lahaja iliyonyimwa darasa aghalabu hunyauka, nacho Kimvita hakikunyauka. Nashikilia kwamba ni kwa sababu hakikuwahi kulelewa na darasa. Kililelewa na pembe za vugo siku ya harusi, na lelemama ya kina mama, na mashairi ya kujibizana, ambamo anayekosea neno husahihishwa pale pale mbele ya watu.

Katika kuchagua lugha ya kuandikia, Waserbia walifuata njia nyingine. Mkusanyaji wao Vuk Karadžić alichapisha nyimbo za wanavijiji mwaka 1814, kisha kamusi mwaka 1818, akaufanya usemi wa umma kuwa mizani ya lugha ya kuandikia. Mombasa pia ilikuwa na mkusanyaji wake, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyeshirikiana na mmishonari William Taylor kuokoa tungo za Muyaka bin Haji miongo kadhaa baada ya malenga huyo kufariki. Diwani ya Muyaka ilichapishwa mwaka 1940, wakati usanifishaji umekwisha kuamuliwa. Atasema mtu kwamba Muyaka alikuwa bingwa, si sauti ya umma. Naam, alikuwa bingwa. Lakini tungo zilizodumu vichwani mwa watu muda wote huo zimekwisha kuwa mali ya mji. Pingamizi zito zaidi dhidi ya kuizungumzia sauti ya umma ni kwamba wenyeji wenyewe ni mchanganyiko. Ni kweli: miongoni mwa Tisa Taifa, makundi ya Waswahili wa Mombasa, mna Wapate, Wafaza na Washaka, majina ya miji ya kaskazini. Hapo ndipo fikra ya Ulaya ya taifa moja, damu moja, lugha moja inapokwama Kuze. Waliokuja walikifanya Kimvita chao kwa kuimba pamoja na waliowatangulia, bila kuulizwa nasaba.

Mshairi Abdilatif Abdalla alipotunga diwani ya Sauti ya Dhiki gerezani kati ya 1969 na 1972, aliitunga kwa Kimvita, ingawa alikijua vyema Kiswahili sanifu. Na kuna sauti za Kimvita ambazo sanifu haiziandiki: tahajia ya shule huandika paa la nyumba na paa wa mwituni kwa herufi zile zile. Mmvita huyatenga maneno hayo kwa pumzi, huyu wa mwituni akiwa p'aa. Pumzi hiyo haimo katika alfabeti. Mtoto wa Kuze huipata masikioni, pamoja na ndia (njia) na mato (macho), kabla hajashika kalamu.