Uvimbe wa Maji wa Kongosho: Kutoka Bozeman hadi Bugando

Kongosho limejificha nyuma ya tumbo la chakula, na kwa muda mrefu uvimbe wake haukutambuliwa ila kwa kupasua. Desemba 1881, jijini New York, daktari Nathan Bozeman alimpasua mwanamke akiamini anatoa uvimbe wa ovari. Akaukuta umeota kwenye kongosho. Aliutoa, na mgonjwa akapona. Mwaka uliofuata daktari mwingine, Karl Gussenbauer, alikuwa mwangalifu zaidi: alitoboa kifuko, akashona kingo zake kwenye ukuta wa tumbo, maji yakawa yanatoka nje kidogo kidogo.

Njia hiyo inafaa vifuko vinavyozuka kongosho likiumia. Mjini Shinyanga, Tanzania, penye daladala za baiskeli, usukani ukimkita mtoto tumboni unaweza kuliponda kongosho, na wiki chache baadaye tumbo la juu likavimba. Uvimbe halisi, unaoota wenyewe, ni habari nyingine. Mwaka 1978 wanapatholojia Compagno na Oertel walitenganisha wenye maji mepesi, ambao kwa kawaida hauna madhara, na wenye ute, unaoweza kugeuka saratani. Huu wa pili hauchuruzishwi, hukatwa wote.

Tatizo linalopotosha zaidi hutokea kwenye mkia wa kongosho, jirani na bandama. Uvimbe ukikandamiza mshipa wa bandama, damu hupitia mishipa midogo ya tumbo la chakula, nayo huvimba hata ikapasuka. Mgonjwa hutapika damu, bandama imekua. Kanda ya Ziwa, cha kwanza kushukiwa ni kichocho, na si bila sababu: kimeenea kandokando ya Ziwa Victoria. Lakini kichocho huzuia damu ndani ya ini, na mishipa huvimba hasa kwenye umio. Kwa uvimbe wa mkia ini ni zima, na dawa ni kisu: mkia wa kongosho na bandama hutolewa pamoja.

Wagonjwa wa Shinyanga na Geita wanaohitaji upasuaji kama huo hupewa rufaa kwenda Bugando, Mwanza, hospitali iliyofunguliwa 1971. Lakini si kila uvimbe wa kongosho hutolewa. Utafiti uliochapishwa 2011 kuhusu wagonjwa wa hapo waliozibwa mrija wa nyongo ulikuta saratani ya kichwa cha kongosho ikiongoza miongoni mwa saratani zilizouziba. Upasuaji uliofanyika zaidi kwa wenye saratani haukuuondoa uvimbe. Ulifungulia nyongo na chakula njia mpya ya kuukwepa.

Aliyetolewa bandama hurudi nyumbani, kwenye malaria, akiwa na kinga pungufu. Chanjo ya nimonia hutolewa, ikiwezekana, angalau wiki mbili kabla ya upasuaji, na homa yoyote baada ya hapo ni ya kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo.