JINA BLODEUWEDD: MAUA YAMO, NA BUNDI YUMO

Wadau, dada yangu ana mimba ya miezi saba. Juzi kaniletea jina alilolikuta kwenye orodha ya majina ya maua: Blodeuwedd, la Wales, maana yake "uso wa maua". Kalipenda kweli. Mimi nikakaa kafe saa nzima nachimba.

Linatamkwa blo-DEI-wedh. Hiyo dd ya Kiwelshi ni "dh" ya dhahabu, kwa hiyo sisi hatupati shida. Blodeu ni maua, gwedd ni uso au sura, na g inadondoka maneno yakiungana. Mpaka hapo orodha haikudanganya.

Ila jina limetoka kwenye hadithi za kale ziitwazo Mabinogi, zilizomo kwenye Kitabu Cheupe cha Rhydderch, kilichoandikwa kwa mkono kama mwaka 1350. Kijana Lleu alilaaniwa na mama yake mzazi asioe mwanamke wa kabila lolote la duniani. Basi wachawi wawili, Math na Gwydion, wakachukua maua ya mwaloni, ya banadl (kichaka chenye maua ya njano) na ya erwain, ua jeupe linalonukia la sehemu za majimaji, wakamuumba msichana. Akaozwa hapo hapo. Hakuna aliyemuuliza kama anamtaka huyo Lleu! Mimi hapo ndipo nilipomwonea huruma.

Baadaye akampenda mwingine, Gronw, wakapanga kumuua mume. Lleu akachomwa mkuki, akageuka tai, akaruka zake. Gwydion akamtafuta akamponya, kisha akamgeuza Blodeuwedd kuwa bundi, asithubutu kutokea mchana kwa kuogopa ndege wenzake. Hadithi yenyewe inasema Blodeuwedd ni jina la bundi.

Sasa jamani, bundi! Kwetu akilia juu ya bati usiku, bibi anaanza kuhesabu wagonjwa wa mtaa. Nikamsimulia dada yote, akanyamaza, halafu akasema, "Kwa hiyo kosa la huyo binti ni nini, wakati walimtengeneza wenyewe?" Nikakosa jibu.

Nimempa jingine, Blodwen, yaani "ua jeupe". Hilo halina mkosi, tena Joseph Parry alilipa opera yake ya Kiwelshi iliyoonyeshwa Aberystwyth mwaka 1878. Kasema halina uzito.

Mama yeye anasema mtoto ataitwa Asumini, yakaisha. Nyie wadau mko upande gani?