Ngitili na Dhahabu: Haki ya Ardhi na Hatima ya Mazingira katika Ukanda wa Bugarama

Uharibifu wa ardhi ya Shinyanga umezoeleka kuelezwa kwa ukame na wingi wa mifugo. Maelezo hayo hayatoshi. Serikali ya kikoloni ilifyeka misitu ili kuangamiza mbung'o, kisha kilimo cha pamba kikapanua mashamba na mahitaji ya kuni yakamaliza miti iliyosalia.

Wasukuma walikuwa na kinga yao, nayo ni ngitili: eneo linalofungwa mvua zinapoanza ili nyasi zistawi na kulisha mifugo wakati wa kiangazi. Ngitili zilikuwa mali ya kaya au ya jamii, na sheria za kimila zilizilinda. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu mbali na maeneo hayo. Mwenyewe alipoondoka, ulinzi nao ukaondoka. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizosalia zilikadiriwa kuwa takriban hekta 600. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000. Miti ilirudi kwa sababu wanavijiji walihakikishiwa kwamba watakaoilinda ndio watakaoivuna.

Huko Bugarama, katika Wilaya ya Kahama, historia ilifuata mkondo mwingine. Dhahabu ya Bulyanhulu iligunduliwa katikati ya miaka ya 1970 na kuvuta wachimbaji wadogo kwa maelfu. Mwezi Agosti 1996 waliondolewa, na mwaka 2001 mgodi mkubwa wa chini ya ardhi ukaanza uzalishaji. Kisheria, madini ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais. Mkulima ana haki ya juu ya ardhi tu, nayo hukoma kwa fidia. Halmashauri hupata ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo, lakini ushuru hujenga madarasa na zahanati. Haumpi mkulima sababu ya kuutunza mti ambao huenda kesho usiwe wake.

Kwa hiyo, umaskini wa maeneo ya pembezoni hautokani na uhaba wa rasilimali peke yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu ardhi ya kijiji kupimwa na kumilikishwa kimila. Ngitili za ukanda wa dhahabu zinahitaji hati hizo kabla leseni nyingine ya uchimbaji haijatolewa, kwani anayepatana akiwa na hati hupatana kama mwenye mali.