Nani Aliyechoma Maktaba ya Iskandaria?



Kijana wa Kiislamu anayesoma historia hukosi kuulizwa hili: si khalifa wenu Umar (r.a.) ndiye aliyeamuru vitabu vya Iskandaria vichomwe? Wengi wetu hunyamaza. Basi hebu tuingie katika jumba la makumbusho la mji huo huo, kule Misri.

Jumba hili la mambo ya kale ya Wagiriki na Warumi lilianzishwa mwaka 1892, mkuu wake wa kwanza akiwa Mwitaliano, Giuseppe Botti. Lilifungwa mwaka 2005 kwa matengenezo (miaka 18 ya matengenezo!) likafunguliwa tena Oktoba 2023. Ndani mna sanamu ya fahali Apis, ya jiwe jeusi, ambayo Botti aliifukua mwaka 1895 penye hekalu la Serapeum. Watu walimwabudu fahali huyo, astaghfirullah, lakini kwetu sisi leo ni shahidi.

Kwani Serapeum ndimo ilimokuwa maktaba ndogo, tawi la ile kubwa. Hekalu hilo lilivunjwa mwaka 391, zama za askofu Theophilus. Mtume wetu (s.a.w.) alizaliwa karibu miaka 180 baadaye. Na ile kubwa? Waandishi wa kale wataja moto wa vita vya Julius Caesar, mwaka 48 kabla ya Nabii Isa (a.s.), kisha mtaa wa wafalme ukaharibiwa katika vita vya Aurelian karibu mwaka 272.

Amr bin al-As aliingia Iskandaria mwaka 642. Sasa alichoma nini?

Kisa chenyewe chadai ati Yahya an-Nahwi alimwomba Amr vitabu hivyo, khalifa akakataa, vikawa kuni za kuchemshia maji ya hamamu miezi sita. Yahya huyo aliishi karne ya 6! Askofu Yohana wa Nikiu, aliyeandika karne ya 7 na hakuwapenda Waislamu hata kidogo, hakitaji. Ibn Abd al-Hakam, aliyeandika habari za kufunguliwa Misri karne ya 9, naye hakitaji. Chajitokeza karne ya 13, na linalouma ni kuwa walioandika ni Waislamu wenzetu, Abd al-Latif al-Baghdadi na Ibn al-Qifti.

Madrasa tulifundishwa kuuliza isnadi. Habari yenye pengo la miaka karibu 600, ustadhi gani angeipokea? Hata Edward Gibbon, Mwingereza wa karne ya 18, aliitilia shaka.